Usiingie peke yako: maneno yetu kwa wakaaji wa Mashamba



Leo hatukuja kuzungumza habari ya uchaguzi wala ya barabara. Tumekuja kwa ajili ya mlango mmoja tu: ule wa munganga anayepima mtu aliyeumia kazini, ili CNSS ijue amebaki na nguvu kiasi gani. Watu wetu wanaingia pale peke yao, wanatoka na karatasi ya Kifaransa wasiyoielewa.

Kwanza, haki. Sheria 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inaweka hatari za kazi ndani ya sekirite sosiale. Tawi hilo mwajiri ndiye analilipia peke yake, 1,5% ya mshahara. Ile 5% unayokatwa wewe ni ya pensheni. Basi mtu asikuambie kwamba umekuja kuombaomba. Katiba nayo, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yake, na sheria 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ikaongeza nguvu.

Sasa shida iko wapi? Iko mu adabu yetu. Munganga anauliza: "Papa, unaendelea namna gani?" Papa anajibu: "Muzuri, dokta, Mungu iko." Amefundishwa hivyo tangu utoto, mtu hamwagi shida zake mbele ya mkubwa. Munganga anaandika "muzuri". Lakini mama wa nyumba ndiye anajua kwamba papa huyo hawezi tena kuinua bido ya lita 20, kwamba analala amekaa, kwamba viatu anafungiwa na mtoto. Hiyo haionekani mu picha ya radio.

Mwaka jana tulimsindikiza papa mmoja aliyeumia mgongo katika kazi ya sutretansi. Mlinzi akasema: mgonjwa peke yake. Tukamuomba, kwa heshima, atuonyeshe maandiko yanayokataza. Hakuwa nayo. Tukangoja juani karibu saa mbili nzima, mwishowe mama akaingia. Alisema maneno matatu tu: habari ya bido, ya viatu, ya usiku. Munganga akaweka kalamu chini, akamwambia papa ainame tena.

Anayesindikiza asijibu mahali pa mgonjwa. Akumbushe tu: "Papa, sema na ile ya usiku." Aandike tarehe, jina la munganga, na kiwango cha kwa mia kilichotolewa. Asome karatasi kabla papa hajasinya, aombe kopi. Falanga ya mlangoni, hapana. Na asimfundishe mgonjwa kuigiza, maana mmoja akikamatwa anadanganya, wanaomfuata wote watatazamwa kama wezi.

Nani aende? Wengine kati yetu wanasema ni sisi, kwa kuwa tunajua Kifaransa. Ni kweli, diplome tuko nazo, kazi hatuna, wakati tunao mwingi kuliko tunavyotaka. Lakini wakikubali mtu mmoja tu, mama aingie. Sisi tutasoma karatasi pale nje.

Mtatuuliza: na wakrezeri je? Wale waliofukiwa KOV tarehe 27 Juni 2019 hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi wa mtu yeyote. Kwa mkrezeri mlango huu umefungwa, awe na msindikizaji ao hapana. Hayo ni mapigano mengine, na hatuyaachi.

Leo tunaandika majina. Aliye na barua ya kuitwa kwa munganga alete barua, karte ya CNSS, na karatasi zote za lopitalo, hata zile zilizopasuka. Daftari liko kwenye meza. Na yule mama wa nyuma aliyeuliza habari ya bwana yake asiende kabla hatujaonana: tarehe yake ni Alhamisi.