Maneno yanayomsimamisha mpita njia

(Hotuba ya mwalimu wa kikundi cha vijana wachoraji mbele ya Kamati na wakazi, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa niseme machache juu ya vijana wanaoandika vibao vya kambi, kwa sababu imesemwa barazani kwamba wanaleta mchezo katika mambo ya maana. Kibao cha pale bombani kina mbuzi anayenawa kwato kabla ya kula majani, na baadhi ya wazee wanaona wageni watatudhania watu wasio na adabu. Mimi ningependa kujibu kwa kumtaja mtu wa nchi yetu.

Chéri Samba alizaliwa mwaka 1956 Kinto M'Vuila, katika jimbo ambalo leo linaitwa Kongo Central. Baba yake alikuwa mhunzi. Mwaka 1972 kijana huyu aliacha shule akaenda Kinshasa kujifunza kuandika vibao, na mwaka 1975 akafungua atelie yake mwenyewe, karakana ndogo tu ya mtaani. Alichora matangazo, akachora na hadithi za katuni za gazeti. Turubai la wachoraji lilikuwa ghali mno, kwa hiyo akachora juu ya kitambaa cha magunia. (Sisi wenye magunia ya unga, tusikilize vizuri hapo.)

Basi aliona jambo moja. Watu walikuwa wakipita mbele ya picha, wanatupa jicho, wanaenda zao. Akafikiri: nikitia maneno ndani ya picha, mtu atalazimika kusimama asome. Akayachukua maneno kutoka katika katuni akayaleta kwenye picha kubwa, kwa Kifaransa, kwa Kilingala, kwa Kikongo. Mara nyingi hujichora yeye mwenyewe humo humo. Unaanza kwa kucheka, halafu unajikuta unasoma habari za ukimwi, za rushwa, za vita.

Iko picha yake ya mwaka 1989 iitwayo Paris est propre, yaani Paris ni safi. Wahamiaji wanasafisha kinyesi cha mbwa katika jiji lile zuri, na maandishi yanaeleza kwa upole kabisa kwamba usafi huo umetoka mikononi mwao. Mimi nimeiona kitabuni tu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Sisi tuliolima mashamba ya watu kwa malipo ya siku hatuhitaji kufafanuliwa picha hiyo. Mwaka 2011 alichora ramani ya dunia akaipindua, kusini ikawa juu, Ulaya ikawa chini ya Afrika! Mwaka ule ule wa 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre. Na mtu huyo alianza na vibao, ndugu zangu.

Sasa turudi bombani. Kibao cha zamani kilikuwa na herufi kubwa nyeusi, sahihi kabisa, na kina mama walikuwa wanaanikia nguo juu yake. Asubuhi moja, baada ya vijana kumchora mbuzi, nilisimama pale nikamwona bibi mmoja asiyejua kusoma akimwambia mjukuu wake, “Hebu nisomee, huyu mbuzi anasema nini?” Mtoto akasoma: “Hata mimi nanawa, wewe je?” Bibi akashika kiuno. “Mbuzi ananitukana mimi?” Akaweka ndoo chini, akanawa.

Vijana hawa hawalipwi. Wana brashi mbili, na rangi nyekundu iliwaishia tangu Pasaka, ndiyo maana pembe za mbuzi ni za bluu.

Nimesikia kwamba Jumatatu mbuzi atapakwa chokaa. Mheshimiwa Mwenyekiti, naiomba Kamati imwache, angalau mpaka mvua zimfute zenyewe.