Tumbo la Abiria Katika Gari Lisilo na Dereva

Waliokuja hapa Kamembe kwa barabara kutoka Kigali wakipitia msitu wa Nyungwe hawana haja ya kuelezwa kichefuchefu ni nini. Kuanzia Kitabi hadi mashamba ya chai ya Gisakura, kona hufuata kona. Nyuma ya basi abiria wamefumba macho, mmoja kajiziba mdomo; mbele, dereva anatafuna mahindi ya kuchoma. Kona wamezipita zilezile.

Ndani ya sikio mna mifereji na vifuko vyenye majimaji vinavyotambua mwili unavyosogea. Macho ya anayesoma simu yanasema ametulia, sikio linakataa, na ubongo unabaki katikati. Mwaka 1882 mwanasaikolojia William James aliandika kwamba wengi miongoni mwa viziwi aliowachunguza hawakushikwa na kizunguzungu hata wakizungushwa: chombo hicho cha sikioni kilikuwa kimekufa. Dereva sikio lake ni zima, ila kona anaijua kabla haijafika, kwa kuwa ni yeye anayeukata usukani.

Gari linalojiendesha linatufanya sote abiria. Rwanda si mgeni wa vyombo vya namna hii. Tangu 2016 ndege za kampuni ya Zipline zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini. Lakini mfuko wa damu hautapiki.

Ndiyo maana watafiti wanataka gari limpime abiria na kupunguza mwendo kabla hajaumwa. Njia ya zamani ni kumuuliza: kila dakika anataja namba, 0 akiwa mzima, 20 akiwa hoi. Njia hiyo ina kasoro mbili. Ukimuuliza mtu habari za tumbo lake kila dakika, atalifikiria kila dakika. Pia, kwa tunavyojuana, wengi wetu tungejibu “niko salama” mpaka dakika ya mwisho, kwa heshima ya jirani wa kiti.

Basi tuuache mdomo, tuusikilize mwili. Ngozi hujibu upesi: jasho jembamba likitoka, umeme hupita kwa urahisi zaidi, na paji la uso hutoa habari nzuri kuliko vidole. Tatizo ni kwamba jasho hutoka pia kwa hofu, kwa joto, kwa simu ya mwenye nyumba anayedai kodi. Mapigo ya moyo nayo hubadilika kwa sababu nyingi mno. Tumbo ni shahidi mkweli zaidi. Vibandiko vya umeme juu ya ngozi ya tumbo hunasa mawimbi yake, kwa kawaida takriban 3 kwa dakika. Kichefuchefu kikija, mdundo huo huvurugika na mara nyingi huongezeka hadi kati ya 4 na 9. Ila wimbi la sekunde 20 halisomeki kwa sekunde 5. Unahitaji dakika kadhaa za utulivu, na katika dakika hizo gari limeshapita kona nyingi. Kinachowahi hakiaminiki, na kinachoaminika hakiwahi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kuufanya mwili king’ora cha gari. Barabara inapimika mapema zaidi. Utafiti wa kichefuchefu cha baharini ulishaonyesha kwamba mtikisiko wa juu-chini unaochefua zaidi ni ule wa polepole, takriban mmoja kwa kila sekunde 5, na kadiri unavyodumu ndivyo watu wengi zaidi wanavyotapika. Kwenye kona ni msukumo wa kulia na kushoto, lakini mashine inayoshika usukani inaujua kabla ya sikio la abiria. Tatizo ni kwamba haimwambii.

Mwaka 2020 mtafiti Ouren Kuiper na wenzake walichapisha jaribio ambamo sauti fupi, iliyotangulia mwendo kidogo tu, ilipunguza kuumwa kwa waliokuwa wakisukumwa mbele na nyuma. Hilo ndilo ningependa lijaribiwe Nyungwe: gari liseme “kushoto”, au kwa Kinyarwanda “ibumoso”, kabla ya kona, safari nyingine likae kimya, na vibandiko vya tumboni vituambie ni safari ipi abiria walifika Kamembe wakiwa na hamu ya kula.