Unyevu Ghalani
(Maneno waliyoambiwa wakulima wa Mbulumbulu)



Sisi wa Mbulumbulu twakaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na msitu wa Ngorongoro. Usiku wetu ni wa baridi, na asubuhi hutujia ukungu. Basi adui wa mahindi yetu si panya na fukusi tu, bali na maji yasiyoonekana.

Mahindi yasiyokauka hutoa mvuke. Usiku bati likipoa, mvuke huo hugeuka matone na kuangukia magunia. Nasi twadhani bati limetoboka. Kisha huota kuvu, na kuvu nyingine ina sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo tusiingize mahindi mabichi kwa kuogopa wezi au mvua. Tuyaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha tuyapime: tutie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tuzibe, tutikise, tungoje robo saa. Chumvi ikigandama chupani, mahindi hayajakauka, turudi juani. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Madirisha tuyafungue wakati wa jua, tuyafunge ukungu ujapo.

Yaliyoota kuvu tusiwape watoto, wala mifugo, wala tusiyapikie pombe.

Ghala halikaushi, ghala hutunza kilichokwisha kukauka.