NYUMBA YA MABATI NA USINGIZI WA ZAMU
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mombasa)

Msimu wa kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, sisi watu wa relwe tulioko Mombasa twaujua. Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Mwenye zamu ya mchana akirudi jioni hupata nafuu kidogo. Lakini mwenye zamu ya usiku hulala saa ngapi? Hulala saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, saa zile zile mabati yanapowaka. Hugeuka kitandani hata mkeka ukalowa. Kisha usiku yuko kati ya mabehewa, taa mkononi na usingizi machoni. Katika kazi yetu mwenye kusinzia aweza kupoteza mguu, au kuwapotezea wenzake roho. Basi joto la nyumba si habari ya raha, ni habari ya kazi.

Yatupasa kujua joto hutoka wapi. Zaidi hutoka juu. Bati ni jembamba. Likipigwa na jua huwa moto hata mkono haushiki, na moto ule hushuka mpaka kitandani. Wazee wa pwani walielewa jambo hili. Makuti hayapitishi joto upesi, tena hewa hupenya. Kuta za mawe na chokaa za Mji wa Kale zina unene wa karibu nusu mita. Lakini makuti hushika moto upesi, hayafai katika nyumba zilizopangwa safu safu. Dawa ya bati ni dari, yenye nafasi juu yake na matundu ya kutolea hewa ya moto. Na rangi nyeupe juu ya bati, ambayo hulirudisha jua.

Yako pia tunayoweza kuyafanya wenyewe:

1. Kivuli cha dirisha kiwe nje. Jamvi likitundikwa nje, joto hubaki nje; pazia la ndani huzuia jua likiwa limekwisha ingia.

2. Hewa ipite. Tufungue madirisha yanayokabiliana, wala tusiyazibe kwa masanduku na makabati.

3. Jiko liwe nje. Jiko la makaa ndani huongeza joto, na moshi wake waweza kuua mtu aliyelala.

4. Tupande mwarobaini upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga ukuta.

5. Shuka iliyoloweshwa humsaidia sana mwenzetu wa Voi, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu. Hapa Mombasa hewa imejaa maji tayari, nafuu yake ni ndogo.

Wengine husema, "Kila mtu anunue panka." Panka ni nzuri, lakini haipoozi chumba, hukausha jasho tu, na stima ni pesa. Chini ya bati tupu hupuliza hewa ya moto.

Ndugu, jamvi na mti ni juu yetu. Dari si juu yetu. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na katika madai yao mlikuwamo fedha za nyumba. Leo iko Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31: mwajiri ampe mfanya kazi nyumba inayofaa, au amlipe fedha za kutosha kodi. Twauliza: nyumba ambayo mtu wa zamu hawezi kulala ndani yake, yafaa kwa kazi gani?

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama anayekaa katika nyumba ya kazi aandike namba ya nyumba yake, kama ina dari au haina, na zamu anayofanya, ampe mwakilishi wake. Malalamiko ya mtu mmoja huitwa manung'uniko. Orodha ya nyumba zote ni dai, nalo twataka lifike mezani kabla ya kaskazi.

Umoja ni nguvu.