FEDHA YA MTI NI FEDHA YA KUULEA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mbingu, Bonde la Kilombero)



Twawashukuru kwa kuyaacha mashamba ya mpunga mkaja kutusikiliza. Jambo tulilowaletea leo si la kura wala la kadi. Ni la kivuli. Wako watakaocheka. Na wacheke, lakini kwanza watazame wameketi chini ya nini.

Ifakara sasa ina halmashauri yake ya mji, na Mbingu nayo inajengeka kando ya barabara na reli ya TAZARA. Mtu akitaka kujenga, mara nyingi mwembe huanguka kwanza ndipo msingi uchimbwe. Mama lishe ahamie wapi? Kijana wa bodaboda amngojee abiria wapi, jua la saa nane likiwa utosini? Choo cha soko kina fungu lake, taa ina fungu lake. Mti wa sokoni hauna fungu, maana hudhaniwa kuwa ulijiotea.

Si kwamba hatupandi. Kila tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Wageni huja, mche hutiwa shimoni, picha hupigwa, watu huenda zao. Ikifika Septemba mbuzi amekwisha kuula. Mche wenyewe ni rahisi, ndugu zangu. Kilicho ghali ni maji ya kiangazi, uzio wa mianzi, na mtu wa kuutazama miaka miwili au mitatu. Fedha ya kupanda hupatikana; ya kulea haipatikani, kwa kuwa haipigiwi picha.

Basi nani atatoa? Bondeni humu tumekwisha kuona watu wakishirikiana kwa ajili ya miti. Msitu wa Magombera ulikuwa na sehemu iliyo mikononi mwa kampuni ya sukari. Vyama vya hifadhi vya hapa nchini na vya ng'ambo vikachangishana fedha, sehemu hiyo ikanunuliwa mwaka 2018, na mwaka 2019 serikali ikautangaza msitu kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Twafurahi. Lakini Magombera ina kinyonga aliyepewa jina la msitu huo, na mtu wa Ulaya yu tayari kumtolea kinyonga huyo fedha. Kwa mwembe wa soko la Mbingu hatatoa hata senti. Huo ni wetu, na hatuna budi kuanza sisi.

Tujifunze kwa jirani. Bibi Wangari Maathai alipoanzisha kazi yake Kenya mwaka 1977, akina mama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioishi. Sikilizeni neno hilo: ulioishi. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, ndani ya Nairobi, uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Baadaye wananchi waliunda chama cha marafiki wa msitu, wakashirikiana na idara ya misitu, uzio ukawekwa, na kiingilio cha mlangoni kikasaidia kuutunza. Hata hivyo mwaka 2025 ulizuka ugomvi juu ya fedha za mlango ule ziingie mfuko gani, mpaka mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kuomba hata shilingi moja, yatupasa tukubaliane nani atashika mfuko.

Twapendekeza hivi. Tusipande miti 1,000. Tupande 100, toka relini hadi sokoni, na kila mti uandikwe daftarini kama mtoto wa shule, uitwe jina kila mwezi: yupo au hayupo. Wenye mashine za kukoboa mpunga watoe shilingi 50 kwa kila gunia msimu wa mavuno. Wao ndio wenye wateja wanaongoja juani. Kikundi cha vijana kiombe mkopo wa halmashauri kwa ajili ya kitalu, maana asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Tukiwa na daftari la mwaka mzima mkononi, ndipo tuuandikie Mfuko wa Misitu Tanzania kuomba ruzuku, na tuwaendee wenye mashamba ya misaji na miwa. Tutawaendea kama washirika wenye hesabu zao, si kama waombaji.

Fedha ziwekwe benki kwa sahihi tatu: mama mmoja wa sokoni, mwalimu mmoja, na mzee mmoja asiye na cheo katika chama. Ndiyo, asiye na cheo. Mti haumuulizi mtu kadi yake, na mwenye mashine asiye mwanachama hatatoa akidhani anachangia chama.

Jumapili ijayo, saa tatu asubuhi, tukutane hapa hapa. Kila balozi aje na idadi ya miti mikubwa iliyosimama katika nyumba zake kumi, na jina la mtu mmoja aliye tayari kubeba maji. Maswali sasa.