NYUMBA, MAPUMZIKO NA MICHEZO: MAWAZO YA DALALI WA KANDO YA ZIWA

(Maneno ya mwanachama wetu ambaye ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Mwanza, aliyoyatoa siku ya sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi.)

 

Awali ya yote naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Katibu aliniomba nizungumze juu ya makazi bora. Nikamwambia nitazungumza, ila aniruhusu nichanganye na mapumziko na michezo. Akacheka, akaniuliza, "Wewe dalali, michezo unaijulia wapi?" Basi leo namjibu mbele yenu.

Watu wengi wakisikia dalali wanafikiria cha juu. (Kicheko.) Sikatai, wapo wa namna hiyo. Lakini kazi hii inamfanya mtu aone jambo ambalo wengine hawalioni kwa urahisi. Dalali anakutana na mteja kabla hajanunua, na anakutana naye tena baada ya kuhamia. Kabla ya kununua mteja ananiuliza: vyumba vingapi? Choo kiko ndani? Maji ya bomba yapo? Gari linafika? Ni maswali mazuri, nami namjibu. Baada ya miaka miwili mitatu nikikutana naye Kirumba kwenye dagaa, halalamikii vyumba hata kidogo. Analalamika kwamba watoto wanachezea barabarani. Analalamika kwamba jirani kajenga ukuta, upepo wa ziwa haupiti tena. Mama analalamika kwamba jioni hana pa kukaa ila jikoni.

Kiswahili chetu kinatofautisha nyumba na nyumbani. Mimi nauza nyumba. Nyumbani hapauzwi, panatengenezwa na wanaokaa hapo. Kwa hiyo leo nataka tuzungumzie yale ambayo mnunuzi husahau kuniuliza.

Jina kwenye karatasi

La kwanza ni jina. Akina mama wenzangu, katika kazi yangu nimeona mengi, lakini linalonichoma ni hili. Mama anabeba mawe, anachota maji ya kufyatulia matofali, anakopa kikundini, analipa fundi. Siku ya kuandikishana, karatasi inaandikwa jina la baba peke yake, kwa sababu "si ni mali yetu sote?" Siku baba akifariki anatokea shemeji na karatasi mkononi. Mama yule niliyemsindikiza kwa mwenyekiti wa mtaa alikuwa na daftari lake la marejesho tu. Daftari lilionyesha kila shilingi aliyokopa, lakini halikusema shilingi hiyo ilijenga nini.

Sheria haikututupa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini sheria inamsaidia kwa haraka zaidi yule ambaye jina lake lipo. Kwa hiyo unaponunua kiwanja, andikwa wewe. Mkinunua wawili, andikwa wawili, majina kamili. Majirani wa pande zote waje waone mipaka, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kama kiwanja kimepimwa, zitafute bikoni kwa macho yako, kisha nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi kabla hujatoa hata senti. Dalali akikuharakisha, mwogope. Na mimi nikiwaharakisha, mniogope vilevile.

Ziwa na mita sitini

La pili ni ziwa. Kila mtu anataka kiwanja "cha ziwani". Ajabu ya mji wetu ni kwamba wanaoliona ziwa vizuri kabisa ni pamoja na waliojenga juu ya mawe kule Igogo na kwenye vilima vya Bugando, ambako ndoo inapanda kwa kichwa na mgonjwa anateremshwa kwa mikono. Kule Capri Point mandhari hiyo hiyo inalipiwa pesa nyingi. Kwa hiyo msidanganyike na mandhari. Barabara na maji ndivyo vinavyopandisha bei, na ndivyo vinavyompunguzia mama kazi.

Anayetaka kujenga karibu kabisa na maji nampa habari mbili. Ya kwanza ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ya pili ni kwamba ziwa halikai mahali pamoja. Wazee wanakumbuka lilivyopanda miaka ya sitini. Baada ya mvua kubwa za 2019 na 2020, mwezi Mei 2020 maji yalipita hata kile kiwango cha mwaka 1964. Watu wa ufukweni waliona maji yakiingia uani, mengine hadi chumbani. Anayekuuzia kiwanja mwezi wa nane wa mwaka wa ukame anakuonyesha mchanga mkavu. Muulize mzee wa pale maji yalifika wapi mwaka 2020, na akuonyeshe kwa kidole.

Tena ufukwe huo tunaupenda kwa watoto wetu kuogelea. Ni vizuri, lakini tukumbuke kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia na majani ya ukingoni, navyo vinaingia kupitia ngozi. Mtoto anayeshinda majini apelekwe akapimwe, na siku dawa za kichocho zinapogawiwa shuleni asifichwe nyumbani.

Mapumziko si uvivu

La tatu ni mapumziko. Hapa najua baadhi yenu mtaguna. Baba akitoka kazini akakaa barazani na bao, tunasema anapumzika. Mama akikaa barazani mikono mitupu, tunamuuliza, "Unaumwa?" (Kicheko na vigelegele.) Hata akikaa, utamkuta anachambua mchele au anasuka mtoto. Mimi nimeingia nyumba nyingi za watu, na karibu kila nyumba nakuta kiti cha baba. Kiti cha mama ni kile kigoda cha jikoni.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Wasukuma walilima kwa nguvu, na kazi ya shamba ikiisha walicheza. Hadi leo pale Bujora, Kisesa, mnamo mwezi wa sita, Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma kwenye sherehe za Bulabo, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi kwake. Wale hawakuwa wavivu. Walijua kwamba mtu asiyepumzika anachoka hata kufikiri.

Na mapumziko hayahitaji utajiri. Kisiwa cha Saanane tunakiona kila siku kutoka mjini. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni dakika chache kwa boti. Wageni wanatoka mbali kuja kukiona. Je, hapa ukumbini tumefika wangapi? Nyosheni mikono. (Mikono ikanyoshwa michache.) Haya, mmejionea wenyewe.

Uwanja mmoja ni kiwanja kimoja

La nne ndilo lililonileta hapa. Ni michezo, na ni kile kiwanja chetu cha nyuma ya ofisi.

Mji huu unapenda michezo. Mwaka 2024 Pamba ilipopanda kurudi Ligi Kuu, hata wasiojua kuotea ni nini walishangilia. Lakini tunakwenda Kirumba kuwatazama wengine wakicheza. Sisi wenyewe tunacheza wapi? Kila ninapozunguka na wateja, Buswelu, Nyegezi, Buhongwa, naona jambo lile lile. Kwenye mchoro wa mipango miji panaandikwa uwanja wa wazi. Ukifika pale unakuta fremu za maduka, au msingi wa nyumba ya mtu. Uwanja wa wazi hauna mwenye kuulilia, ndiyo sababu unakuwa wa kwanza kuliwa.

Sasa tuje kwetu. Waanzilishi mnakumbuka mwaka wa pili wa kikundi, marejesho yalipokwama. Wenzetu waliokuwa wanadaiwa waliona aibu, wakaacha kuja kikaoni. Tuliwatumia barua, hawakuja. Tuliwatembelea, wakajificha. Ndipo wale vijana wetu wa kike wakaanzisha netiboli Jumamosi baada ya kikao. Mama mmoja akaja kutazama tu, amesimama kando na kanga yake. Wiki ya pili akaitwa kujaza nafasi, maana upande mmoja walikuwa sita na netiboli inataka saba. Akacheza. Wiki ya tatu akabaki kwenye kikao. Mwezi uliofuata akaanza kulipa kidogo kidogo, na wengine wakamfuata. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, lakini kilichowarudisha wadaiwa ilikuwa mpira.

Mwaka wa nne tukanunua kile kiwanja kwa hisa zetu. Leo, kama mnavyojua, amekuja mnunuzi. Anataka kujenga fremu za maduka, na bei aliyotaja si mbaya. Wapo wenzetu wanaosema tuuze tugawane, na siwalaumu, kwa sababu ada za watoto hazisubiri. Wamesema pia niwe dalali wa mauzo hayo. Kwa hiyo jueni kwamba nayasema haya kinyume cha mfuko wangu: mkiuza, nitapata asilimia yangu. Mkikataa, sipati kitu. Nawaomba mkatae.

Sababu yangu ni ya hesabu. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Zidisheni, mtapata kama mita za mraba 465. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, kile tunachokiuza kila siku, ni mita 400. Kumbe mahali pa kuchezea wanawake kumi na wanne, na wasichana wa mtaa mzima siku nyingine, panazidi kidogo tu kiwanja cha nyumba ya mtu mmoja! Tukiuza, fungu la kila mmoja litakwisha kwa ada ya muhula mmoja au miwili. Na tukitaka kununua kingine karibu na hapa, mimi ndiye mtakayenituma kukitafuta, nami nawaambia leo: kwa bei hiyo sitakipata.

Ombi langu

Lakini kukataa tu hakutoshi, maana wenye shida wapo. Ninapendekeza mambo matatu.

Kwanza, hati. Kile kiwanja bado kimeandikwa majina ya wanachama watatu wa mwanzo, na mmoja wao ameshahamia Geita. Ni wenzetu waaminifu, lakini binadamu ni wa kufa. Lile nililolisema juu ya shemeji na karatasi linaweza kutupata hata sisi kama kikundi. Kamati imwone mwanasheria wa halmashauri, atuelekeze njia inayotufaa, kama ni kusajili wadhamini au vinginevyo, ili jina liwe la kikundi.

Pili, kiwanja kizae. Siku za katikati ya wiki na Jumapili kikodishwe kwa harusi, kipaimara na mikutano, kwa risiti. Mapato yaingie mfuko wa jamii, na mkopo wa ada utolewe kwanza humo. Mwenye shida apate msaada bila kiwanja kuondoka.

Tatu, Jumamosi ibaki ya mchezo. Asiyeweza kukimbia aletewe kiti akae kivulini atazame, mikono mitupu, na asiulizwe kama anaumwa. (Vigelegele.)

Ndugu Mwenyekiti, miaka kumi hii tumejifunza kuweka akiba ya pesa. Nafikiri miaka kumi inayokuja tujifunze kuweka akiba ya mahali. Pesa ikitumika, mwezi ujao tutachangia nyingine. Mahali pakishajengwa fremu, harudi mtu kupabomoa ili wasichana wacheze.

Basi suala hili liletwe kwenye mkutano mkuu, kila mwanachama apige kura yake kwa uhuru, na yangu mmeshaijua. Namtakia kila mmoja wenu nyumba yenye jina lake, mbali kidogo na maji, na yenye mahali pa kukaa jioni.

Umoja ni nguvu! Akina mama oyee!