Kampuni ndogo inapoingia katika petroli, sisi wa kando ya ziwa tuulize nini?

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa Bunia, Kasenyi, Tchomia na Mahagi



Wengine mumetoka mbali, na barabara zetu tunazijua sote. Kwa hiyo sitawakawisha.

Leo sikuja kusema kama petroli ni nzuri ao ni mbaya. Mazungumzo hayo ni ya lazima, tutayafanya siku ingine. Nimekuja kuzungumza juu ya kitu ambacho hatukifikiriaka sana: kampuni ndogo. Ile kampuni ambayo jana ilikuwa na kazi ingine kabisa, ao haikuwa na kazi inayojulikana, na leo tunasikia kwa redio kama imepata bloku ya petroli ao ya gazi chini ya miguu yetu. Watu wanapiga makofi. Wengine wanaanza kutafuta namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Mimi naomba tusimame kidogo, tuulize: kampuni ile imepata nini kweli?

Bloku si kisima. Bloku ni mistari iliyochorwa kwenye karta, pamoja na karatasi ya Leta inayosema: ndani ya mistari hii, ni wewe peke yako uliye na haki ya kutafuta. Petroli yenyewe hakuna aliyeiona bado. Kuiona kunaomba pesa nyingi: kisima kimoja tu cha kutafuta kinaweza kula makumi ya mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Kampuni ndogo haina pesa hiyo mfukoni. Basi juu ya nini inaingia?

Hapa Bunia jibu tunalijua, juu tunaliona kila siku kwa maparseli. Mtu ananunua parseli, anazungusha senyenge, hajengi. Si kwamba amesahau. Anangoja. Siku barabara itapita pale, ao jirani atajenga nyumba ya ghorofa, bei itapanda, naye atauza. Hakuweka hata tofali moja, lakini faida ni yake. Kwa petroli ni vile vile. Kampuni ndogo inashika karatasi, halafu inatafuta kampuni kubwa ya kuja kutoa pesa. Ni kazi ya komisioneri, tofauti ni kwamba komisioneri wa nyumba anapata pesa ya mwezi mmoja, na huyu anapata mamilioni.

Tuchukue mifano ya kwetu, tusiseme hewani.

Mfano wa kwanza ni Bloku ya III, hapa kwetu kwenye bonde la Ziwa Albert. Kule Afrika Kusini kulikuwa kampuni ndogo iliyoitwa SA Mineral Resources Corporation, yenye hisa kwenye soko la Johannesburg. Kazi yake ilikuwa madini. Ikabadilisha kazi, ikabadilisha na jina: ikawa SacOil, kampuni ya petroli. Mali iliyoipatia jina hilo jipya ilikuwa haki ya Bloku ya III ya Congo. Mwaka 2011 Total ya Ufaransa ikaingia, ikachukua asilimia 60 ya bloku. Mwaka 2013 Total ikaahidi haitatafuta petroli ndani ya sehemu ya bloku inayoingia kwenye Hifadhi ya Virunga. Miaka ikapita. SacOil ikabadilisha jina tena, ikaitwa Efora Energy, ikageukia kuuza mafuta ya magari kwao Afrika Kusini. Na sisi? Kutoka Bloku ya III hakujatoka pipa hata moja. Sisemi kama waliiba. Ninasema hivi: jina lilibadilika mara mbili, kazi ikabadilika mara mbili, hisa zikauzwa na kununuliwa kwenye masoko ya mbali, na muvuvi wa Kasenyi hakuambiwa kitu.

Mfano wa pili ni Bloku ya I na ya II, papo hapo kwenye Ziwa Albert. Mwaka 2006 Kinshasa ilizipatia Tullow na Heritage, kampuni zilizokuwa zinachimba ng'ambo, Uganda. Mkataba ule haukupata sahihi ya rais. Mwaka 2010, kwa amri ya rais, bloku zile zikaenda kwa kampuni mbili zisizojulikana katika kazi hii, Caprikat na Foxwhelp, zilizoandikishwa kwenye visiwa vya British Virgin Islands, pahali ambapo si lazima jina la mwenye mali lionekane. Aliyesimama mbele ya Caprikat alikuwa Khulubuse Zuma, mtoto wa ndugu yake Jacob Zuma, aliyekuwa rais wa Afrika Kusini. Baadaye tukaona kazi inaongozwa na Oil of DR Congo, kampuni ya kundi la mfanyabiashara Dan Gertler. Mwaka 2014 wakatangaza kama chini ya bloku hizo kuna mapipa bilioni 3. Munakumbuka furaha ya siku zile? Mwaka 2022 Leta ikapatana na Gertler arudishe mali za madini na za petroli, bloku hizo mbili zikiwa ndani. Kutoka 2010 mpaka 2022 ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa amri ile alikuwa amemaliza masomo ya msingi, na petroli ilikuwa ingali kwenye karatasi.

Mfano wa tatu njo unauma zaidi. Desemba 2017 wizara ya fedha ya Marekani ilimuwekea Gertler vikwazo. Kati ya mambo iliyoandika ni haya: alinunua kwa Leta yetu haki ya bloku moja ya petroli kwa dola 500,000, halafu akaiuzia Leta hiyo hiyo kwa dola milioni 150. Yeye anakataa kama alifanya kosa. Lakini tufanye hesabu ya sokoni tu. Ni mara 300. Muuzaji mmoja, munuaji mmoja, bloku moja. Mama anayeuza samaki Tchomia, ukimuuliza: unaweza kuuza samaki franka 1,000, halafu jioni umnunue yule yule kwa franka 300,000? Atakuuliza kama una homa.

Sasa mtu atasema: basi kampuni ndogo zote ni za kufukuza. Hapana. Tullow yenyewe ilianza ndogo, mwaka 1985, kule Ireland. Heritage pia haikuwa kubwa. Lakini ng'ambo ya ziwa letu walichimba, na kuanzia mwaka 2006 petroli ikaonekana. Na sikilizeni kilichofuata, juu njo somo la leo. Mwaka 2010 Heritage iliuzia Tullow sehemu yake ya Uganda kwa zaidi ya dola bilioni moja. Serikali ya Uganda haikukaa kuangalia. Ilisema: umepata faida juu ya ardhi yetu, ulipe kodi. Ikadai zaidi ya dola milioni 400. Heritage ikakataa, kesi zikaenda mpaka London, na Uganda haikurudi nyuma mpaka ikapata pesa. Kule kuna makosa yao mengi, wavuvi na walimaji wa kule wanayo malalamiko, hatutayaficha. Lakini kwa jambo hili moja tulinganishe: ng'ambo, karatasi ilipouzwa, nchi ilidai kodi. Kwetu, karatasi ilipouzwa, nchi njo ilinunua.

Njo maana nasema shida si udogo wa kampuni. Shida ni Leta inayotoa karatasi bila kuuliza, na raia anayepiga makofi bila kuuliza.

Jambo hili halijapita. Julai 2022 Kinshasa ilifungua zabuni ya bloku 27 za petroli na 3 za gazi. Oktoba 2024 waziri wa hidrokaburi akafuta ile ya petroli, kati ya sababu ikiwa ukosefu wa washindani. Mwaka 2025 wakatangaza bloku zingine 52. Zile tatu za gazi zilikwisha kupata wenyewe mwaka 2023: Makelele kwa Symbion Power, Idjwi kwa Winds Exploration and Production, Lwandjofu kwa Alfajiri Energy, kampuni changa ya Kanada.

Zote tatu ziko ndani ya Ziwa Kivu. Hapo naomba wandugu wa Ituri musiseme ni mambo ya Kivu peke yao. Ziwa lile lina kina cha mita 485, na chini yake kumelala kilometa za ujazo karibu 60 za metani na karibu 300 za ile gazi ya kaboni. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa nzito inayolala mashimoni na kuua mtoto ao mbuzi bila kelele. Ziwa ni hewa ile ile, ila imeshikwa chini na uzito wa maji. Mwaka 1986, kule Kameruni, Ziwa Nyos ambalo ni dogo sana mbele ya Kivu lilitoa hewa yake usiku mmoja na kuua watu karibu 1,700. Kutoa gazi ya Kivu inawezekana: Rwanda wanafanya umeme kwa mutambo wa KivuWatt tangu 2016. Ukiitoa vizuri, unapunguza hata hatari. Ukiitoa vibaya, unachezea watu karibu milioni mbili wanaoishi kando ya maji. Basi pale kampuni haitoshi kuwa na jina zuri na sahihi ya waziri. Lazima iwe na watu wanaojua kazi na pesa ya kuimaliza. Bloku ya petroli ikishikwa na mtu asiyejua, tunapoteza miaka. Gazi ya Kivu ikishikwa na mtu asiyejua, tunaweza kupoteza mji.

Kwa hiyo, kila mara mutakaposikia kwa redio kama kampuni fulani imepata bloku, tuulize maswali matano. Muyaandike.

La kwanza: mwenyewe ni nani? Si jina la kampuni, si jina la msemaji. Nani anakula faida mwisho wa mwaka?

La pili: jana ilikuwa inafanya kazi gani? Kama ilikuwa inauza madini, ao ilikuwa inajenga nyumba, si dhambi kubadilisha kazi. Lakini ituonyeshe visima ilivyochimba, ao watu iliowaajiri waliokwisha kuchimba.

La tatu: pesa ya kazi iko wapi? Kama jibu ni "tunatafuta mwenzi mkubwa", basi tumejua: huyu ni komisioneri.

La ine: ikipita miaka bila kufanya kazi iliyoahidi, bloku inarudi lini? Na ikiuza karatasi yake, nchi inapata kiasi gani, na jimbo linapata kiasi gani?

La tano: mkataba uko wapi tuusome? Hii si huruma tunaomba. Amri ya Mei 20, 2011 inalazimisha kila mkataba wa mali ya asili utangazwe ndani ya siku 60. Sheria ya hidrokaburi ya Agosti 1, 2015 inaomba zabuni. Katiba, kifungu cha 58, inasema Wacongomani wote wana haki ya kufurahia utajiri wa taifa. Wote, si wenye kujuana na mtu fulani Kinshasa.

Najua kuna mwenzetu anayewaza: sisi ni vijana bila kazi, tutauliza maswali na kampuni itaenda kwingine, tukose hata kile kidogo. Ninamuelewa, njaa si mchezo. Lakini angalia miaka ile 12. Hatukuuliza kitu, na kazi haikuja. Kampuni iliyo na pesa na ufundi haiogopi kuulizwa, juu majibu iko nayo. Anayekimbia maswali ni yule ambaye hakukuja kuchimba.

Tunachoomba mufanye ni kidogo. Kila kikundi cha vijana kichague watu wawili wa kufuata bloku ya kwao. Waandikie wizara, waandikie gavana, waandikie wabunge wa jimbo, waombe mkataba kwa jina la amri ya 2011, washike nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipojibiwa, wanaandika tena. Barua yenye muhuri nayo ni karatasi, na karatasi njo lugha ambayo wenye bloku wanaisikia. Waelezee pia wavuvi, walimaji na wamama wa soko, kwa lugha ya nyumbani: Kihema, Kilendu, Kialur, Kiswahili. Mtu asiseme "hatukujua" siku kampuni itakapofika na magari yake.

Wakubwa wetu wanasemaka, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi hatufungi mulango. Tunasema tu: mgeni akiingia, aseme jina lake, aseme alikotoka, na aonyeshe alichobeba mkononi. Kama alichobeba ni karatasi tupu ya kwenda kuuza kwingine, tumwambie tangu asubuhi, asitukalie mpaka usiku.

Sasa maswali yenu.